Mwaka 2000 Ulitufikia Mapema

Wengi wanaoikumbuka hofu ya mwaka 2000 wanakumbuka usiku mmoja tu, ule wa Ijumaa tarehe 31 Desemba 1999, dunia ilipokuwa ikingoja kuona kama kompyuta zitazimika. Sisi tuliokuwa kwenye bima ilitufika mwaka mzima kabla. Bima ya gari ni ya miezi kumi na miwili. Aliyekata bima Januari 1999 alipewa hati inayokwisha Januari 2000, na mfumo uliozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili ukaisoma ile 00 kuwa ni 1900. Kwa hesabu ya mashine, gari lililotoka kulipiwa asubuhi hiyo lilikuwa halina bima tangu enzi za Wajerumani.

Nilikuwa kijana wa kitengo cha kompyuta katika kampuni moja ya bima, Dar es Salaam. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilikuwa imefungua mlango kwa kampuni binafsi, na wenye kampuni yetu walikuwa wameingia na mfumo wa zamani kutoka kwenye biashara yao ya uwakala. Uliandikwa kwa Clipper, toleo la mwaka 1987. Umeme ukikatika ghafla, na miaka ile ulikatika sana, faharasa za mafaili ziliharibika, nasi asubuhi tukawa tunazijenga upya huku wateja wamejaa kaunta. Kila mtu alikubali kwamba lazima upatikane mfumo mpya.

Mradi wa mfumo huo ulianza 1997. Wakandarasi kutoka nje waliahidi kila kitu: magari, moto, bahari, maisha, madai, uhasibu, yote yakizungumza kwa pamoja, yote yakamilike Desemba 1998. Desemba ilipofika, skrini zilikuwepo nyingi, za kupendeza, zenye vitufe na rangi. Lakini hapakuwa na hata hati moja ya bima ndogo iliyoweza kuandikwa, kulipiwa na kuchapwa mwanzo mpaka mwisho.

Wakandarasi wale hawakuwa wajinga, wala hawakuwa wezi kama ilivyonong'onwa kwenye korido. Nimeufikiria mkataba ule kwa miaka mingi na bado naona kwamba tatizo lilikaa humo. Walilipwa kwa kila moduli iliyoonyeshwa kwa wakurugenzi, na kinachoonyeshwa kwa wakurugenzi ni skrini. Kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani hakukuwa na malipo yake, kwa hiyo hakukuwa na mwenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye uhasibu aliyewahi kufanya kazi serikalini. Alinikalisha chini siku moja akaniambia, "Kijana, mimi nimeshuhudia serikali nzima ikizipiga marufuku mashine hizi." Ni kweli. Mwaka 1974 Tanzania ilizuia kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kuleta hasara na vurugu. Masharti hayo yalikuja kulegezwa miaka ya themanini. Mzee hakuwa anatukejeli. Alikuwa na hofu kwamba tukishindwa sisi, wenye mali watarudi kwenye madaftari na vijana kama mimi tutakosa kazi.

Uongozi ulipoona tarehe zimepita ukafanya linaloonekana la busara: ukaongeza watu. Waliletwa vijana wapya, wazuri, wenye hamu. Mwezi uliofuata kazi ilisogea polepole kuliko mwanzo, kwa sababu wale wachache walioujua mfumo walishinda wakiwafundisha wageni, na kila jambo lililoamuliwa ilibidi lielezwe upya kwa kila mmoja. Baadaye sana nilikutana na kitabu cha Fred Brooks, aliyeongoza utengenezaji wa mfumo wa OS/360 pale IBM. Hoja hiyo alikwisha kuichapisha mwaka 1975: ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Watu wanne wana njia sita za kuzungumza wawili wawili. Watu kumi wana arobaini na tano. Laiti kitabu kile kingekuwa mezani pa mkurugenzi wetu.

Mlango wa kutokea ulifunguliwa na mama mmoja, karani wa madai.

Nilitumwa kwake kuuliza kwa nini programu ya kuhamisha kumbukumbu ilikuta madai mengi ajabu yenye tarehe moja ya kufungwa, 31/12/99. Wakandarasi walidhani ni uchafu wa kufagia. Alivaa miwani, akaangalia karatasi yangu ndefu yenye matundu pembeni, akasema, "Mwanangu, hiyo siyo tarehe. Hao ni watu wenye kesi." Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Mfumo wa zamani haukuruhusu dai liachwe bila tarehe ya kufungwa. Dai likienda mahakamani, makarani wa uwakala waliliandikia siku ya mwisho wanayoweza kuiandika, wakiamini hawatakuwapo itakapofika. Nyuma ya kila 31/12/99 kulikuwa na mtu aliyevunjika mguu kwenye ajali ya basi, au mjane anayesubiri hukumu. Tungeyahamisha vile vile, siku hiyo ikipita mfumo mpya ungeyafunga yote wenyewe, na fedha zilizotengwa kwa ajili yao zingerudi kwenye faida ya kampuni bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Nilirudi mezani kwangu mwili umenisisimka. Tangu siku ile nikawa nashinda kwake. Alikuwa anajua kwamba nukta mwishoni mwa namba ya gari, zile za zamani zilizoanza na TZ, maana yake gari limeuzwa na bima imehamishiwa kwa mnunuzi. Alijua ni wakala gani alikuwa akiandika mwezi kabla ya siku. Alijua wateja wawili wenye jina moja na sanduku la posta moja, baba na mwana, ambao kompyuta ilitaka kuwaunganisha. Hayo yote hayakuwemo kwenye nyaraka za mradi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Niliyaandika, yeye akasahihisha kwa penseli.

Kwa maandishi yale tuliweza kwenda kwa uongozi na pendekezo lililowauma: tuache karibu yote. Bima za moto na bahari zibaki kwenye mfumo wa zamani. Msimbo wake tulikuwa nao kwenye disketi, na toleo jipya la Clipper lilikuwa na amri ya kuiambia kompyuta kwamba mwaka wowote chini ya 50 uhesabiwe wa karne mpya. Disketi ya sehemu ya magari ndiyo haikusomeka tena kwenye mashine yoyote tuliyoijaribu. Basi magari tu, pamoja na madai yake, ndiyo yaandikwe upya, na watu wachache, wakae chumba kimoja na makarani. Mkurugenzi alisema bodi imeahidiwa mfumo mzima. Mkuu wa kitengo chetu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla wala baada, alimjibu kwamba bodi imeahidiwa pia kampuni itakayokuwepo mwaka 2000. Tukaruhusiwa.

Sehemu kubwa ya mwaka ule wa 1999 imenitoka kichwani. Kazi ya namna ile haina hadithi. Nakumbuka tulivyokuwa tukiendesha mifumo miwili sambamba, hati moja ikiandikwa mara mbili, makarani wakilinganisha senti kwa senti. Nakumbuka Oktoba 14, habari ilipokuja kwamba Mwalimu amefariki London. Mama yule aliweka kalamu chini akalia kwa sauti, nasi sote tukasimama kando ya meza zetu bila kujua la kufanya. Hakuna aliyefanya kazi tena siku ile.

Desemba 31 iliangukia Ramadhani. Tulifuturu ofisini, tambi na maharage ya nazi na uji wa pilipili manga ambao mama alikuja nao toka Magomeni kwenye chupa ya chai, wasiofunga wakila pamoja na waliofunga. Saa sita ya usiku ikapita. Tulichapa hati ya majaribio ikatoka na mwaka 2000, tarakimu nne, na tukafungua orodha ya madai: wale wenye kesi walikuwa wazi wote. Jumatatu tarehe 3 Januari mteja wa kwanza alikuwa mwenye daladala aliyekuja kukata bima ndogo. Alipewa stika yake akaondoka, hakujua kitu. Ikabaki Februari 29. Mwaka unaomaliza karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400, na kuna programu zilizokumbuka nusu ya kanuni hiyo. Yetu ilipita.

Mradi wenyewe hatukuuokoa. Moduli ya uhasibu ilikuja ikiwa nusu na ya maisha haikuja kabisa. Wakandarasi na kampuni wakaishia kwa wanasheria. Taarifa iliyopelekwa kwenye bodi iliwashukuru wakurugenzi, mkuu wa kitengo, na sisi vijana wa kompyuta kwa majina. Karani wa madai hakutajwa. Nilikwenda kulalamika nikaambiwa kwamba yeye hakuwa sehemu ya mradi. Alistaafu miaka michache baadaye kwa cheo kile kile alichokuwa nacho siku aliponifundisha kuzisoma zile 99, na yale maandishi yenye masahihisho yake ya penseli ndiyo waliyopewa watengenezaji wa mfumo uliofuata.