Barua kutoka Salford: Huyo mchezaji wa daraja la nne

Shemeji,

Sisi huku wazima, watoto wanakwenda shule, na mvua ni ile ile isiyojua masika wala vuli.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Ukali wako kila ikitajwa Taifa Stars haujapungua, na mimi naufurahia, maana huku watu wakikasirika hunyamaza. Umeuliza TFF wanatafuta nini kwa vijana wa Uingereza ambao hata kwenye televisheni ya baa hawaonekani. "Daraja la nne!" ukasema, kwa sauti ile ile unayotumia kuzitaja ndondo za mtaani. Tena ukamtaja Haji Mnoga kwa jina. Basi leo naziacha habari za bili ya gesi nikujibu hilo.

Mnoga alizaliwa Aprili 2002 Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa England, akiwa na asili ya Tanzania. Alilelewa kisoka na klabu ya mji huo huo, na akafika kuvaa jezi ya England ya vijana chini ya miaka 17. Kwa hesabu za kijiweni, kijana wa namna hiyo anatoka hapo moja kwa moja kwenda Ligi Kuu. Haikuwa hivyo: klabu ikampeleka kwa mkopo Bromley, kisha Weymouth, kisha Gillingham, kisha Aldershot Town. Kiangazi cha 2024 akaondoka Portsmouth kabisa, akasaini Salford City, timu ya huku kwetu.

Mkopo wenyewe unaujua kwa jina tu, shemeji. Kijana anapigiwa simu na wakala katikati ya wiki, Jumamosi yuko kwenye mji asioujua, amesimama kwenye ukuta na mabeki ambao majina yao bado anayachanganya. Anatafuta chumba cha kupanga kwa miezi michache. Akicheza vibaya, anarudishwa. Akicheza vizuri, anarudishwa pia, ili klabu yake imtumie au imuuze. Mashabiki wa kule alikokwenda wanamshangilia huku wakijua si wao.

Sasa hilo daraja la nne. Madaraja manne ya juu ya England yana klabu 92: 20 za Ligi Kuu, na 24 kwa kila moja ya madaraja matatu yanayofuata. Zote hizo ni ajira kamili, mchezaji hana kazi nyingine. Chini yake ipo National League, yenye klabu nyingine 24, ambako napo timu nyingi zinafanya mazoezi kila siku kama za juu. Klabu za daraja la nne zinacheza mechi 46 za ligi kwa msimu, achilia mbali vikombe. Mikataba ni mifupi, mwaka mmoja au miwili, na mingi inakwisha Juni. Mwezi Mei klabu inatoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na wapo wachezaji wenye mke na watoto wanaosoma majina yao humo siku moja na mashabiki.

Na kabla ya kuifikia orodha hiyo kuna chujio la akademi. Watoto wanasajiliwa tangu wana miaka 9. Kila baada ya muda kuna wanaoambiwa wasirudi. Wachache wanapewa nafasi ya miaka miwili wakifika 16, kisha wakiwa na miaka 18 hivi inaamuliwa nani apewe mkataba wa kulipwa. Walio wengi hawapewi. Kijana wa jirani yangu aliachwa na akademi moja kubwa, jina nalihifadhi, na baba yake mpaka leo anayo mabegi ya mazoezi yenye nembo ile kwenye gereji, hataki yatupwe. Kwa hiyo unapomwona mtu analipwa kucheza daraja la nne, ujue amewapita maelfu aliokua nao. Si Hakimi wa Morocco, sawa. Lakini wa mchangani naye siye.

Kwa kuwa nimemtaja Hakimi: Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, Mnoga alikuwa kikosini akitokea Aldershot, daraja la tano. Mechi ya kwanza San-Pédro tulipangiwa Morocco, timu iliyokuwa imetoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar. Tukafungwa 3-0. Zambia tukatoka nao 1-1, Msuva akitangulia kufunga na Daka akisawazisha dakika za mwisho wao wakiwa pungufu, siku ile uliyoniambia umezima simu. Kisha 0-0 na Kongo. Kikosi hicho hicho alikuwamo Tarryn Allarakhia, mzaliwa wa London, akitokea Wealdstone, nayo ya daraja la tano. Baadaye alihamia Rochdale, mwendo mfupi tu kutoka hapa, klabu iliyokaa ndani ya yale madaraja manne kwa miaka 102 mpaka ikashuka 2023. Kurudi juu ni kazi, maana kutoka National League zimekuwa zikipanda timu mbili tu kwa msimu.

Na hawa si wa kwanza. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar aliyekulia England, alikwenda AFCON ya 2019 kule Misri akiwa mchezaji wa Solihull Moors. Ukitaja klabu alizopita utadhani unasoma ratiba ya treni: Burton, Mansfield, Grimsby, Barrow, Blackpool, Wrexham, Yeovil. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa nifike penye jambo linalonikera, ambalo televisheni haiwaonyeshi. Wiki za mechi za kimataifa, Ligi Kuu na Championship, yaani daraja la pili, husimama. Mchezaji wa Ligi Kuu akiitwa na taifa lake wiki hizo, hakuna anayechukua namba yake, kwa sababu hakuna mechi. Madaraja ya chini hayasimami. Klabu ya daraja la tatu au la nne inaweza kuomba mechi iahirishwe endapo wachezaji wake watatu wameitwa na mataifa yao. Ukiitwa peke yako, mechi inachezwa. Beki wa kulia wa Salford akiwa kambini na Stars, Jumamosi yupo beki mwingine wa kulia, na huyo akicheza vizuri kocha hana sababu ya kumtoa. Unarudi na uchovu wa safari, unakaa benchi, na Juni haiko mbali.

AFCON ya Morocco ilianza 21 Desemba 2025. Kwa England hicho ndicho kipindi cha mechi mfululizo, Krismasi mpaka Mwaka Mpya, pointi zinapopatikana au kupotea kwa mafungu. Mnoga alikwenda. Stars wakafungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka sare na Uganda na Tunisia, wakaingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, wakatolewa na wenyeji 1-0 mjini Rabat. Sisi tulipiga honi. Yeye alikuwa na kazi yake ya kurudia.

Kuna la pasipoti pia. FIFA haimruhusu mtu kuchezea nchi ambayo yeye si raia wake. Sheria yetu ya Uraia nayo haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na hadhi maalumu iliyopitishwa kwa ajili yetu wa diaspora si uraia. Sizungumzii karatasi za mchezaji yeyote hapa, nazungumzia sheria. Mchezaji asiye Mwingereza wala Mwairishi akitaka kucheza soka la kulipwa hapa, tangu 2021 anapimwa kwa pointi: taifa lake liko nafasi ya ngapi duniani, amelichezea kiasi gani, ametoka ligi ipi. Mtanzania wa daraja la nne akipimwa hivyo, nafasi yake ni finyu sana. Kumwambia kijana wa aina hii aiache pasipoti ya alikozaliwa ni kumwambia aache na kazi. Wakenya walilimaliza kwa katiba yao ya 2010. Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya aliyelelewa na akademi ya Leeds, hana mtihani huo. Ndiye aliyefunga dakika ya 91 ugenini kwa Brentford, siku ya mwisho ya msimu wa 2019/20, uwanja mtupu kwa sababu ya korona, bao lililoibakiza Barnsley kwenye Championship. Dunia ikasema Mkenya amefunga, na Mkenya alikuwa kweli.

Kuna mahali umesema kweli, shemeji, nami sikatai. Si kila mwenye baba Mtanzania na mkataba mahali fulani Ulaya anastahili kuitwa. Ligi yetu imekua, na bao la kusawazisha dhidi ya Tunisia lilifungwa na Feisal Salum wa Azam, hakutoka Wealdstone. Kama beki wa Simba au Yanga ni bora, acheze beki wa Simba au Yanga. Ninachopinga ni kumhukumu mtu kwa jina la ligi kabla hajagusa mpira.

Nakwambia hayo kwa kuwa Moor Lane, kwa Salford City, nimekwenda. Ni uwanja wa watu 5,108, mmoja wa wamiliki wa klabu ni David Beckham, na bado kuna Jumamosi viti vinabaki vitupu. Watu wanakula pai, wanakunywa Bovril, mchuzi wa nyama wa moto kwenye kikombe cha karatasi, ambao mimi bado sijauzoea na sina nia. Unakaa karibu kiasi cha kumsikia kocha akitukana. Mipira inakuja juu, kwa nguvu, na beki anaruka na jitu la kilo 90 tangu dakika ya kwanza mpaka ya mwisho. Halafu Jumanne usiku tena, mara nyingi ugenini, basi linarudi saa nane za usiku.

AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Utakwenda kwa Mkapa, najua, na utakuwa na maneno. Kikosi kikitangazwa na ukaona jina linalotoka klabu usiyoisikia, tafuta dakika 90 zake umtazame kwanza, ndipo utume ujumbe wa sauti. Na ukikutana na mbunge wenu huko Temeke, muulize uraia pacha umefikia wapi, kwa niaba yangu na ya vijana hao.

Mwambie dada hela ya ada nimeshatuma.

Shemeji yako,
Salford