Milionea wa Barazani

Kabla dishi halijafika mtaani kwetu Chake Chake, mchezo mkubwa baada ya tarawehe ulikuwa vitendawili, na anayeshindwa hutoa mji. Nakumbuka usiku mmoja wa Ramadhani nilitoa Wete, Mkoani na Mombasa, nikabaki sina hata pa kulala.

Kisha jirani mmoja akaletewa dishi na jamaa zake wa Maskati. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, karibu miaka 20 kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote, lakini sisi watoto bado tulikuwa watu wa kwenda kuangalia kwa wenyewe. Mwaka 2000 kituo cha MBC kilianza kurusha kwa Kiarabu mchezo wa milionea uliozaliwa Uingereza miaka miwili nyuma, muulizaji akiwa George Kordahi. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, kwa hiyo maswali yalitupita. Kanuni tulizidaka: maswali 15, majibu manne, misaada mitatu.

Tukaunda wetu. Kinu kilichopinduliwa kikawa kiti cha mshindani, tochi ikammulika usoni, majibu yakaandikwa kwa chaki juu ya makatoni: alifu, be, jimu, dali. Pesa zilikuwa makonyo, maana karafuu zenyewe hakuna mzazi ambaye angetuachia. Nani alijenga boma la Pujini? Mkama Ndume, hilo lilikuwa jepesi. Mmoja wetu aliwahi kuuliza bei ya karafuu ya msimu ujao, akatolewa mchezoni.

Kilichotushinda ni msaada wa kumpigia simu rafiki. Simu hatukuwa nayo, basi tulimtuma mtoto mbio kwa ami yangu, mwalimu wa skuli. Sekunde 30 za Kordahi hazikutosha hata kuvuka mtaro, tukaamua kuhesabu hadi 300. Mjumbe naye swali lilimtoka njiani. "Niletee swali zima, mwanangu, hili nusu," ami alikuwa akimrudisha. Mwisho alichoka, akaja kukaa barazani mwenyewe, na kutoka hapo mchezo ukawa wa watu wazima. Sisi tukabaki kushika tochi.

Waya wa umeme wa chini ya bahari ulifika kutoka Tanga mwaka 2010, televisheni zikaingia majumbani, baraza ikapungua watu. Simu za kupangusa ndizo zilizoumaliza kabisa mchezo, nadhani kwa sababu ziliua ubishi. Jibu moja gumu lilikuwa likitufikisha hadi daku; sasa mtu anachungulia kiganjani, basi.

Watoto wa siku hizi wameurudisha kwa masharti. Simu zote huingia ndani ya pakacha kabla ya swali la kwanza, na anayetaka msaada hutuma mtu kwa miguu. Ami kazeeka, hasikii vizuri, lakini bado wanamwendea yeye. Jibu lake hukubaliwa hata likiwa na makosa, kwani anayelipinga lazima aende kumwambia mwenyewe.