Mkaaji na Alama

Wataalamu wa urithi wa mwili wanayo mashindano ya kale juu ya nani aliyetangulia. Katika uzi wa DNA hubandikwa alama ndogo iitwayo methili, yenye kaboni moja na hidrojeni tatu. Juu ya uzi huo huo hukaa protini zishikazo herufi zake. Je, alama ndiyo ifukuzayo protini, au protini ndiyo izuiayo alama? Jeni iitwayo IGF2, ihimizayo ukuaji wa mtoto tumboni, yaonyesha kuwa yote mawili ni kweli.

Mtoto hupokea nakala mbili za jeni hiyo, lakini aghalabu ya baba ndiyo isemayo. Mwaka 1991 ilionekana kuwa mtoto wa panya akirithi nakala mbovu kwa baba huzaliwa mdogo, uzito wake kama asilimia 60 ya wenzake. Akiirithi kwa mama, hana upungufu. Sababu ilidhihirika mwaka 2000. Jirani na jeni hiyo pana kipande cha DNA ambacho katika nakala ya mama hakina methili. Protini CTCF hukaa hapo mfano wa kiambaza, na vichocheo vilivyo upande wa pili haviifikii IGF2. Katika nakala ya baba kipande hicho kimejaa methili tangu mbegu ya kiume. CTCF haishiki, kiambaza hakipo, na jeni huitika.

Mtu angehukumu kwamba alama ni bwana na protini ni mtumwa. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Watafiti walipoharibu, katika panya, mahali CTCF ishikapo kwenye nakala ya mama, methili ilikuja ikatanda pasipo pake. Kumbe mkaaji ndiye aliyekuwa akilinda nyumba isiandikwe!

Wala jambo hili si la panya peke yao. Zipo familia ambamo mama humrithisha mwanawe kipande hicho kikiwa kimepungukiwa na sehemu za kushikwa na CTCF. Methili huingia, IGF2 husema kwa vinywa viwili, na mtoto huzaliwa mkubwa kupita kiasi, ulimi hautoshi kinywani, hatari ya saratani ya figo ikimwandama. Huo ni ugonjwa wa Beckwith-Wiedemann. Methili ikipungua katika nakala ya baba, mtoto huzaliwa mdogo, naye huitwa mgonjwa wa Silver-Russell. Aghalabu herufi za huyu wa pili hazina kosa hata moja, na tabibu asomaye herufi tu atamwambia mama yake kwamba hakuona kitu.