Simbilisi ndani ya kipanya: tulivyohama Peramiho

Kuhama nyumba ni kasheshe, usiombe. Godoro linalowa, sufuria inapotea, na kabati lililoingia mlangoni bila shida siku ya kwanza leo linagoma kutoka. Sasa ongeza mnyama! Wenzetu Ulaya wanahangaika na hamster, yule mdogo mwenye mashavu ya kuhifadhia chakula. Wale wa rangi ya dhahabu wanaofugwa majumbani, ukoo wao unatokana na familia moja iliyochimbuliwa shimoni karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930. Sisi huku kusini tuna simbilisi. Huyu ni mnene zaidi, hana mkia, na akilia njaa jirani wa tatu anasikia.

Peramiho iko kama kilometa 24 magharibi ya Songea mjini. Wamisionari Wabenedikti walianza kazi pale mwaka 1898, misheni ikachomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya. Ukiitaja leo, watu wanakumbuka Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, uchapaji wa vitabu, na kengele. Ukizizoea kengele zile huhitaji saa ya mkononi.

Dada yangu alipata kazi Songea, mimi nikaitwa kubeba mizigo. Ndiyo kazi ya mjomba. Vyombo tulifunga siku moja tu. Kimbembe kikawa kwa mwanawe wa darasa la pili. Dogo alikuwa anaacha shule, marafiki na uwanja wake wa mpira, yote kwa mpigo. Akaweka mgomo: bila simbilisi wake wawili, haondoki mtu.

Majirani walikuwa na jibu rahisi: "Si mwachinje tu, mle, safari iwe nyepesi?" Usiwacheke. Nyanda za juu kusini simbilisi ni kitoweo na ni akiba. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na Peru wanamla mpaka leo. Hataki banda kubwa, anakula majani, na mimba yake ni miezi miwili na kitu. Mtoto anazaliwa na manyoya, macho wazi, na siku chache tu anatafuna nyasi. Ila hawa wawili walikuwa na majina. Ukishampa mnyama jina, kisu kinakuwa kizito.

Tatizo lingine lilikuwa Bombambili, tulikopanga. Mama mwenye nyumba alishatamka kwenye simu: "Panya kwenye nyumba yangu? Hapana." Na kodi dada alishalipa.

Tuliondoka alfajiri, maana simbilisi haliwezi joto. Jua kali ndani ya gari linaweza kumuua. Tuliwaweka wote wawili kwenye boksi moja lenye matundu, kwa kuwa hapendi upweke. Chini nyasi kavu, pembeni vipande vya tango badala ya maji yanayomwagika. Halafu tukapanda Hiace, zile ambazo miaka ya 90 mjini ziliitwa vipanya. Panya ndani ya kipanya!

Kabla hatujafika mbali, boksi likaanza: kwii, kwii, kwii! Konda akageuka: "Nani kapakia kuku bila kulipia?" Mama mmoja akachungulia, akatabasamu: "Wamenona hawa. Mnauza bei gani?" Dogo hakujibu. Alilikumbatia boksi mpaka Songea.

Bombambili tulimkuta mama mwenye nyumba kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo bibi," dogo akasema.

"Marahaba. Ndiyo hao?"

Akafunguliwa boksi. Akatazama kwa muda mrefu. "Mbona hawana mkia?"

"Siyo panya, bibi. Simbilisi."

Nikaona upenyo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta ya mchicha, nikamweleza kwamba kinyesi chao ni mbolea safi. Akafikiri, akatoa masharti: banda liwe nje, liinuliwe juu ya miguu, lizibwe paka wasiingie, na mbolea yote ni yake. Dada akaitikia kabla hajamaliza. Jioni ile nilipiga misumari badala ya kupumzika.

Kwa hiyo, msomaji, ukihama na mdogo wa namna hii, malizana na mwenye nyumba kabla ya kulipa. Safiri asubuhi. Mpe majani yale yale aliyoyazoea, mabichi, maana simbilisi kama binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C. Siku mbili tatu za mwanzo mwache atulie, hata akijificha.

Na wakikuuliza bei ndani ya gari, kumbatia boksi lako. Tuonane wiki ijayo.