Sanamu ya Mama

Likizo iliyopita nilifuatana na mama yangu kutoka kwetu Gongo la Mboto hadi Posta kununua vitabu. Tulipopita penye sanamu ya Askari, mama aliitazama kitambo, akaniuliza, "Na ya mama iko wapi?" Yeye huuza maandazi karibu na kituo cha basi, madaftari yangu na nauli ya kuja shuleni hutoka katika karai lake. Swali lile sikuliacha.

Sanamu ile ni ya shaba, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, nayo ilifunuliwa mwaka 1927. Kabla yake palisimama Mjerumani von Wissmann, aliyeondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi yake yawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Sina kinyongo nao, hasa wapagazi, maana waliteseka mno. Lakini wanawake hawatajwi.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akajulikana kwa uimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 alikabidhiwa kuongoza akina mama wa TANU. Akapita katika vyama vya ngoma, na kabla mwaka haujaisha wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Wengi hawakupata kusoma. Waliishi kwa biashara ndogo ndogo kama ya mama yangu. Bibi Titi alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa mjini yaitwa kwa jina lake. Ni heshima, lakini lami haina uso.

Wenzetu wa Nairobi wamejaribu. Mwaka 2015 katika Bustani ya Uhuru ilifunuliwa sanamu ya Mau Mau: mama ampa mpiganaji chakula, wala hawatazamani, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtambulisha mwenziwe. Kwa fikira zangu, hiyo yashinda bunduki zote za shaba.

Nasi tukijaliwa kuchonga ya kwetu, naomba mama yule awe anaimba, kadi za chama zimefungwa katika pindo la khanga. Tena asipandishwe juu ya jiwe refu. Asimame chini, kando ya njia, hata mama ashukaye basini na ndoo yake ya maandazi aweze kumshika bega.