Suti Yangu Ilipokalia Kiti cha Jirani

Ukitoka Uthiru asubuhi na mapema, kabla matatu hazijaanza kukimbizana, Barabara ya Naivasha huwa na harufu mbili: ya maandazi yanayokaangwa kando ya barabara, na ya vumbi lililolala usiku kucha likingoja magurudumu. Vumbi hilo ni jekundu. Jiji la Nairobi limejengwa mahali ambapo udongo wa aina mbili hukutana. Upande wa mashariki, kuelekea Embakasi na uwanda wa Athi, ni udongo mweusi unaonata kama gundi mvua inyeshapo. Upande wa magharibi, kuanzia Kangemi na Kawangware na kuendelea kupanda hadi Kikuyu, ni udongo mwekundu. Wakulima huusifu sana udongo huu. Mtu mwenye shati jeupe hana la kuusifia.

Nami kazi yangu yahitaji shati jeupe. Nauza rangi za nyumba. Asubuhi nazunguka katika maduka ya hadiwea ya Uthiru, Kawangware na Dagoretti Corner, nikipakua mikebe na kuhesabu iliyobaki rafuni. Alasiri nakwenda Westlands, Upper Hill na katikati ya jiji, kuonana na wasanifu wa majengo katika ofisi ambazo bawabu wake hukutazama viatu kabla hajakutazama uso. Mahali pa kwanza suti ni balaa. Niliwahi kuivaa tangu nyumbani, na mwenye duka mmoja wa Kawangware, aliponiona nikishuka na tai shingoni, akaingia nyuma ya duka asitoke tena. Alidhani nimetoka idara ya kodi. Mahali pa pili, kukosa suti ni kukosa mlango.

Basi nguo hizo sharti zisafirishwe, na gari langu ni pikapu ndogo, aina ya Datsun 1200 ambayo wazee wetu waliipenda kwa kubebea kabichi na maziwa. Ina viti viwili tu, cha dereva na cha abiria. Nyuma ya viti pana nafasi ya jeki, spana na mwavuli, na hapo pamekwisha. Huko nje nyuma ndiko kwenye mikebe.

Nilijaribu kila njia, msomaji. Nilitundika koti kwenye henga dirishani; lakini gari halina kipoza hewa, na dirisha likifunguliwa kidogo tu, koti hupepea na kukusanya vumbi lote la Barabara ya Naivasha. Niliweka suti nyuma chini ya turubai. Kufika Valley Arcade ikawa inanuka tapentaini. Nilipoibana nyuma ya kiti ilitoka na alama ya jeki mgongoni. Mwishowe nikaona jawabu ni moja. Kiti cha pili kilikuwa kitupu, nami nikailaza suti juu yake kwenye henga, mabega yakaegemea mgongo wa kiti, suruali ikaning'inia mbele, halafu nikaifunga mkanda isiteleze nikikanyaga breki. Ilikaa vizuri kabisa. Ukiitazama kwa mbali ungedhani ni mtu aliyekatwa kichwa.

Mambo yakawa mazuri kwa muda wa miezi kadhaa. Kisha ikaja asubuhi moja ya Aprili, wakati wa masika, mvua ikimwagika hivi kwamba hata makanga walikuwa wameingia ndani ya matatu. Pale stejini nilimwona mzee jirani yangu, mtu aliyenisaidia kuchimba msingi wa nyumba yangu, amesimama bila mwavuli, na mkononi amemshika mjukuu wake wa kike aliyevaa sare za shule. Akainua fimbo yake. Nikapunguza mwendo. Nikaitazama suti, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na miadi kubwa mjini, ya jengo la ghorofa tisa. Nikamwonyesha mzee kwa mkono kwamba kiti kimejaa, nikaenda zangu. Katika kioo nilimwona akilishusha kofia lake na kumfunika nalo mtoto.

Kazi ya jengo lile niliipata. Jioni nilipokuwa nafunga lango, mzee alipita, tukasalimiana, akauliza habari za watoto na za mvua. Alipokuwa anaondoka akageuka na kusema, "Kijana, asubuhi nilikuona na mgeni wako. Mbona hakunisalimu?"

Sikulala vizuri usiku ule.

Jumamosi iliyofuata nikamwendea dobi mmoja wa Kangemi, anayetumia pasi ya makaa na ambaye huniambia ukweli kuhusu kola zangu. Nikamweleza shida yangu yote, isipokuwa habari ya mzee. Akacheka. Akasema suti haiharibiwi na kukunjwa, huharibiwa na kukunjwa vibaya, na pale pale juu ya meza yake akanionyesha.

Kwanza toa kila kitu mifukoni, hata tiketi ya basi. Kisha ligeuze bega moja la koti, ndani liwe nje, na bega la pili ulitumbukize ndani ya lile la kwanza, ili bitana ndiyo itazame nje na kitambaa kijilinde chenyewe. Katikati weka taulo iliyoviringwa, maana mkunjo unaozunguka kitu laini haugeuki kuwa mstari. Suruali ilaze kwa kufuata mstari wake wa pasi, nusu ndani ya sanduku na nusu ikining'inia nje; weka koti juu, halafu irudishe ile nusu ya nje juu ya koti. Hivyo koti huilinda suruali na suruali hulilinda koti, kama mume na mke wanaosikizana. Shati lifungwe vifungo vyote, na ndani ya kola utie soksi safi zilizoviringwa isije ikabonyea. Tai huviringwa, haikunjwi. Nikamwuliza kama naweza kuweka gazeti katikati ya nguo. Mhariri anisamehe, lakini dobi alisema wino wa gazeti hupenda sana mashati meupe.

Viatu vilinipa taabu kidogo. Zamani kila mtu alivifunga katika juala, mpaka mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini mnamo Agosti 28, 2017. Mke wangu akanishonea mfuko kutokana na foronya kuukuu, na kusema kweli ni bora kuliko juala, kwani viatu hupumua.

Vyote hivi vinaingia katika sanduku moja bapa lisilozidi upana wa magoti ya mtu mzima. Yakumbuke magoti hayo.

Safari yenyewe sasa huwa hivi. Nikimaliza maduka ya Kawangware, nashika Barabara ya Gitanga. Ningeweza kurudi Waiyaki Way hadi Westlands, ambako ndiko inakoanzia barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, inayokwenda kilomita 27 hadi Mlolongo, lakini mimi hupenda Gitanga kwa jinsi inavyobadilika ghafla. Dakika moja uko kati ya vibanda vya mabati, mahindi ya kuchoma na mikokoteni ya maji. Dakika ya pili ni Lavington, michongoma imekatwa kwa mkasi na walinzi wamevaa kofia, na ikiwa ni Oktoba mijakaranda imemwaga maua ya zambarau barabarani. Udongo ni ule ule mwekundu, ila hapa umefunikwa kwa nyasi. Hapo ndipo hujisikia kwamba nimevaa ovaroli.

Kisha napita Barabara ya Argwings Kodhek, yenye jina la Mwafrika wa kwanza nchini kuwa wakili, aliyefariki 1969, nateremka Valley Road hadi nionapo Kanisa la All Saints upande mmoja na Bustani ya Uhuru upande wa pili. Mbele ni Kenyatta Avenue, iliyokuwa ikiitwa Delamere Avenue. Husemwa ilifanywa pana hivyo ili gari la kukokotwa na maksai wengi liweze kugeuka. Siku hizi hata pikapu ya viti viwili huzunguka nusu saa ikitafuta pa kuegeshwa.

Nabadilisha nguo katika vyoo vya umma. Msomaji asione haya kwa niaba yangu. Asubuhi na adhuhuri utatukuta wengi humo, vijana wanaokwenda kuhojiwa kazi, mawakala wa bima, hata wahubiri wanaoelekea Bustani ya Jeevanjee, kila mmoja akifunga tai mbele ya kioo kimoja na kumwomba mwenzake asogee. Nikitoka hapo, viatu namwachia mng'arisha viatu. Nikiwa na dakika za ziada hupita Mtaa wa Kimathi, ambako Dedan Kimathi amesimama katika sanamu yake tangu 2007, na bunduki na nguo za msituni. Hakuna bawabu atakayemwuliza tai.

Wapo walionishauri niachane na tai kabisa nivae suti ya Kaunda, ambayo haihitaji shati la kola wala mambo mengi sandukuni. Nilikaribia kukubali. Lakini Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia bungeni na vazi hilo, ingawa Rais Ruto mwenyewe alikuwa amelipenda sana. Nikajiambia kwamba ikiwa waheshimiwa wamerudishwa kubadilisha, muuza rangi atafanywaje?

Dobi hakunidanganya. Suti yangu ya sufi hutoka sandukuni na mikunjo midogo tu, ambayo huondoka yenyewe nikiitundika kidogo mahali penye mvuke. Ile ya poliesta haijikunji, ila ukiipiga pasi bila kitambaa chenye unyevu juu yake hung'aa kama sufuria.

Ilipofika mvua za Novemba nilimkuta mzee tena pale stejini, safari hii peke yake. Nikasimama kabla hajainua fimbo. Akaingia, akajipangusa maji usoni, nami nikampa sanduku alishike magotini kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Tulipita Kabete kimya. Karibu na Kangemi akaligonga kwa kidole mara mbili.

"Ni humu alimo?"

"Ndiye, mzee."

"Anasikia baridi?"

Nikamwambia amefunikwa taulo. Akacheka hadi akakohoa, akalishika sanduku kwa mikono miwili mpaka Westlands, na aliposhuka aliliweka juu ya kiti taratibu na kulifunga mkanda.