Fundi wa Mizani na Chenga za Picha

Kila mwaka, kabla ya minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU kuanza Oktoba, simu ya fundi mmoja wa Masasi hujaa picha za bodi za mizani ya kielektroniki. Nyingi hutoka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa kijana aliyemfundisha kazi. Kijana hulehemu kule, mzee hukagua huku. Tangu msimu wa 2007/08 korosho ya Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na stakabadhi huandikwa kwa kilo. Mizani ikiruka, ugomvi huanzia hapohapo mlangoni mwa ghala.

Mzee alianza na redio za betri, enzi ambazo kiungo kilichoachia ulikiona kwa macho. Kisha zikaja simu, zenye vipande vya urefu wa milimita moja na upana wa nusu milimita. Macho na mwanga wa dirisha havikutosha tena. Akahamia kwenye kamera.

Picha za mwanzo kutoka Newala zilikuwa giza tupu, zimejaa chenga kama runinga iliyokosa antena. Kamera ikinyimwa mwanga hukikuza kidogo ilichopata, na chenga hukua nacho. Kijana akawasha tochi ya simu. Balaa jingine: lehemu inang'aa, ikaurudisha mwanga wote kwenye lenzi, na ufa wa kiungo ukamezwa na doa jeupe.

Mzee akamwelekeza aweke taa mbili za ledi ubavuni, mbele ya kila moja karatasi nyeupe ya kutawanya mwanga. Simu ikae kwenye stendi, ISO, yaani kiwango cha kukuza mwanga, ishuke, lenzi ikae wazi muda mrefu zaidi. Kisha apige picha 16 za sehemu ileile na kuiachia programu ichukue wastani. Chenga hubadilika kila picha, ufa haubadiliki. Kwa picha 16 chenga hubaki robo tu.

Pembe zilizobaki na kiza husawazishwa mwanga na programu, kipande kwa kipande. Njia hiyo imetumika sana kwenye picha za tiba, na mwaka 1994 Karel Zuiderveld alieleza namna ya kuiwekea kikomo, ili chenga zisipandishwe kupita kiasi. Kijana hupenda kukilegeza kikomo hicho, na hapo ndipo wanapobishana.

“Mzee, huu si ufa?” aliuliza msimu mmoja.

“Nitumie picha ya kwanza, ambayo hujaigusa.”

Kwenye picha hiyo mstari haukuonekana vizuri. Kijana akasugua kiungo kwa brashi yenye spiriti, akapiga upya: yalikuwa mabaki ya fluksi ya kulehemu, na lehemu chini yake nzima. Bodi ikarudishwa ndani ya mizani, mizani ikapelekwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe kwa mawe na kupigwa stempu, ndipo ikapanda gari kurudi ghalani.